Mkate, Mafuta na Kodi: Sheria ya Kiislamu Inasemaje?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwezi wa Juni 2024 wengi wetu hapa Mbale tulikuwa na macho kwenye simu kutwa nzima. Mpaka wa Kenya hauko mbali nasi, na chuoni tunasoma pamoja na ndugu zetu wanaotoka Busia, Mumias, Garissa na Mombasa. Chumbani kwetu tulikuwa wanne, wawili Waganda na wawili Wakenya. Mmoja wa hao Wakenya mama yake anakaanga mandazi Busia, na pesa ya hosteli inatoka kwenye karai hilo. Usiku mmoja nilimkuta akipiga hesabu nyuma ya daftari la Usulul-Fiqh: unga, sukari, mafuta. Akaniuliza, "Haya mafuta yakipanda, mama apunguze andazi au aniambie nirudi nyumbani?"

Kesho yake, kwenye darasa la baada ya Isha, akalileta swali lake kwa upana: je, katika Uislamu serikali ina haki ya kutoza kodi mkate na mafuta ya kupikia?

Mimi ndiye niliyewahi kujibu. Nilisema kodi zote ni maksi, maksi ni haramu, na anayeficha mali yake isitozwe hana dhambi. Ndugu mwingine akanipinga, akasema mtawala anatiiwa, kwa hiyo tufunge midomo. Ustadhi wetu alitusikiliza wote wawili, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ulizaliwa wapi?"

"Hospitali ya serikali."

"Mkunga aliyekupokea alilipwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Akatuambia twende tukasome kabla ya kutoa fat-wa nyingine. Makala hii ni matunda ya kusoma huko. Si fat-wa, maana mimi bado ni mwanafunzi. Ni somo tu, nikitarajia msomaji atanisahihisha pale nilipoteleza.

1. Kilichopendekezwa Kenya

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na mambo mengi, lakini mawili ndiyo yaliyogusa jiko la kila nyumba. La kwanza, mkate wa kawaida, ambao hautozwi kitu katika kodi ya ongezeko la thamani (VAT), uanze kutozwa asilimia 16. La pili, mafuta ya mimea yawekewe ushuru wa bidhaa wa asilimia 25. Serikali ilieleza kwamba ina madeni makubwa na inahitaji kuongeza mapato kwa zaidi ya shilingi bilioni 300 za Kenya.

Tarehe 18 Juni Kamati ya Fedha ya Bunge ilitangaza kuondoa kodi ya mkate na ushuru wa mafuta, lakini vifungu vingine vilibaki. Tarehe 25 Juni wabunge walipitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni. Vijana walipigwa risasi wakafa. Tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatatia saini.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa Waislamu, na azipe subira familia zote. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue tunazungumzia jambo lililogharimu roho za watu, wengi wao wa umri wetu.

2. Asili ya mali ya mtu

Tuanze na msingi. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Allah (S.W.) anawakataza waumini kula mali za wenzao kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Na Mtume (S.A.W.), katika hotuba yake ya Hijja ya kuaga, aliziweka damu na mali za watu katika daraja moja la utukufu. Kwa hiyo asili ni kwamba mali ya mtu haiguswi. Anayetaka kuigusa ndiye mwenye kutakiwa dalili, awe jirani au awe serikali.

Hapa ndipo linapokuja neno maksi. Wanachuoni wanalitumia kwa tozo ambazo wakubwa wa zama za Jahiliya, na watawala wengine baada yao, walikuwa wakiwachukulia wafanyabiashara masokoni na njiani bila haki. Katika Sahih Muslim, kwenye kisa cha mwanamke wa Ghamidi aliyetubia zina, Mtume (S.A.W.) alieleza ukubwa wa toba yake kwa kusema kwamba hata mtoza maksi angetubia hivyo angesamehewa. Utaona dhambi hiyo ilitajwa kama mfano wa dhambi nzito. Na Abu Ubayd, katika Kitab al-Amwal, amepokea kwamba Khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliagiza nyumba ya kutozea maksi iliyokuwa Rafah ibomolewe na mabaki yake yakatupwe baharini.

Dalili hizi ndizo nilizozikimbilia mimi usiku ule. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kila kodi inaingia humo.

3. Je, kuna haki katika mali zaidi ya zaka?

Katika Suratul-Baqarah, aya ya 177, Allah (S.W.) anataja kutoa mali kwa jamaa, mayatima, masikini, msafiri na waombaji, kisha anataja kutoa zaka peke yake. Wanachuoni wengi wamefahamu hapo kwamba mali inaweza kudaiwa haki nyingine zaidi ya zaka pale haja inapotokea. Ibn Hazm katika al-Muhalla anasema ni wajibu wa matajiri wa kila mji kuwatunza mafakiri wao, na mtawala atawalazimisha ikiwa zaka haikutosha. Imam al-Ghazali katika al-Mustasfa anaruhusu matajiri watozwe ikiwa hazina ni tupu na nchi inahitaji kulindwa.

Kisa cha Granada kinatusaidia pia. Ilitakiwa kukarabati kuta za mji, ikaulizwa kama watu wanaweza kutozwa. Abu Said bin Lubb akasema haifai. Mwanafunzi wake, Imam ash-Shatibi, akasema inafaa, kwa sababu ukuta ukianguka mji utapotea na watu wake. Mwalimu na mwanafunzi walihitilafiana katika kodi, na hakuna aliyemtoa mwenziwe katika dini. Ndugu zangu wa kwenye makundi ya WhatsApp, hilo nalo ni somo.

Kutokana na kauli hizi, wanachuoni wa zama zetu wamekusanya masharti ya kodi inayokubalika. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, katika kitabu chake Fiqhuz-Zakat, anayaeleza kwa urefu. Kwa ufupi ni manne:

Kwanza, pawepo haja ya kweli na hazina isiwe na njia nyingine.

Pili, mzigo ugawanywe kwa uadilifu.

Tatu, fedha zitumike kwa maslahi ya umma, si kwa anasa za wakubwa.

Nne, ipatikane kwa shura, yaani wenye rai na wawakilishi wa watu waulizwe.

Kwa hiyo swali sahihi si "kodi ni halali au haramu?" Swali ni kama kodi hii tuliyoletewa imetimiza masharti. Tuipime sasa kodi ya mkate na mafuta.

4. Ngano na mafuta katika zama za Umar (R.A.)

Nilipokuwa nikipekua Muwatta ya Imam Malik, katika Kitabu cha Zaka, nilikutana na riwaya iliyonifanya niite wenzangu chumbani. Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Umar kwamba baba yake, Umar bin al-Khattab (R.A.), alikuwa akiwatoza wafanyabiashara wa Kinabati waliokuja Madina na bidhaa zao. Kwenye dengu na jamii ya kunde alichukua moja ya kumi, yaani asilimia 10. Kwenye ngano na mafuta alichukua nusu ya hiyo, asilimia 5. Na sababu imetajwa pale pale: alitaka bidhaa hizo ziletwe kwa wingi Madina.

Ngano na mafuta, ndugu zangu. Vitu vile vile viwili.

Tusikimbilie kusema kwamba Umar alifuta VAT ya mkate. Ule ulikuwa ushuru wa wafanyabiashara wageni wasiokuwa Waislamu, mafuta yao yalikuwa ya zeituni, na mfumo wao si wetu. Lakini fikra iliyo ndani yake iko wazi. Khalifa alijua kwamba ushuru hauishii kwa mfanyabiashara, bali unafika kwenye sahani ya mtu. Hazina ilihitaji mapato, naye hakuacha kutoza. Ila alipofika kwenye chakula kikuu cha watu wake alipunguza mkono, akakubali kupata kidogo ili watu wapate kingi.

Huyu ndiye Umar wa mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 Hijria, ukame ulipoikumba Hijazi. Mwaka ule alijinyima samli mpaka watu wote waipate, na ukusanyaji wa zaka ya mifugo aliuahirisha mpaka mvua iliponyesha. Kama zaka, ambayo ni nguzo ya dini, iliahirishwa ukusanyaji wake kwa ajili ya njaa, kodi iliyotungwa na wanadamu ina nini cha kuizuia isisubiri?

5. Kodi isiyo na nisabu

Sasa tuje kwenye sharti la uadilifu. Itazame zaka ilivyopangwa. Anayelima nafaka hatoi kitu mpaka mavuno yafike wasaki tano, takriban kilo 653. Mwenye fedha hatoi mpaka afikie thamani ya gramu 85 za dhahabu na mwaka upite. Nyumba anayokaa, nguo anazovaa na chombo anachopandia havihesabiwi. Shamba linalopata maji ya mvua hutolewa moja ya kumi, na linalomwagiliwa kwa taabu hutolewa nusu yake. Hata zakatul-fitri, inayomlazimu karibu kila mtu, haimlazimu asiyekuwa na ziada ya chakula cha siku ya Idi na usiku wake. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh (R.A.) Yemen, alimwambia kwamba sadaka huchukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafakiri wao.

Maana yake ni kwamba Sheria inakupita kwanza mpaka ushibe, kisha ndipo inarudi kukudai.

Kodi ya mkate haina nisabu. Inaanza kwenye kipande cha kwanza. Tupige hesabu kama mwenzangu alivyopiga. Mkate wa gramu 400 ulikuwa ukiuzwa Kenya shilingi 65 hivi. Asilimia 16 ya 65 ni shilingi 10 na senti 40. Tuseme 10. Nyumba inayonunua mkate mmoja kila siku italipa shilingi 300 za kodi kwa mwezi. Sasa chukua nyumba mbili za mfano. Moja inaingiza shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwake hizo 300 ni asilimia 2 ya pato lote. Nyingine inaingiza 300,000. Hata ikinunua mikate miwili kwa siku, italipa 600, ambayo ni asilimia 0.2. Masikini amebeba mara kumi ya mzigo wa tajiri kwa kipimo cha uwezo wake, na hapo hatujahesabu mafuta.

Tena hiyo nyumba ya kwanza, ukiipeleka kwa kadhi, huenda ikawa katika wale wanaostahili kupewa zaka kwa mujibu wa Suratut-Tawba, aya ya 60. Yaani mtu ambaye Allah ameamrisha apewe, sisi tunampitishia bakuli atoe.

6. Mikanda ya dhahabu

Bado kuna sharti la kwanza: je, hazina haina njia nyingine? Hapa historia ina kisa kizuri sana.

Mwaka 658 Hijria, sawa na 1260, Wamongolia walikuwa wameshaiangusha Baghdad na Sham, wakielekea Misri. Sultan Qutuz alihitaji mali ya kuandaa jeshi, akawakusanya wanachuoni awaulize kama anaweza kuwatoza raia. Haja gani kubwa kuliko hiyo? Pamoja na hayo, Imam Izzuddin bin Abdis-Salam alimwekea masharti: inafaa ikiwa hazina haijabaki kitu, na ikiwa makamanda watauza kwanza mikanda yao ya dhahabu na vyombo vyao vya thamani, kila askari abaki na farasi na silaha yake, awe sawa na watu wa kawaida. Baada ya hapo ndipo raia waguswe. Miaka michache baadaye Imam an-Nawawi alimkatalia Sultan Baybars jambo kama hilo hilo kwa sababu watu wa jumba lake walikuwa bado na mapambo ya dhahabu.

Rudi Kenya. Kelele za vijana hazikuwa za mkate peke yake. Walikuwa wakiuliza kuhusu safari, magari, na ofisi za wake za viongozi. Tarehe 5 Julai 2024, baada ya mswada kuanguka, Rais mwenyewe alitangaza kubana matumizi: mashirika 47 ya umma yanayorudia kazi za wengine yavunjwe, bajeti za ofisi za wake za viongozi wa juu ziondolewe, na safari zisizo za lazima zisimamishwe.

Yaani mikanda ilikuwepo. Iliombwa baada ya damu kumwagika, wakati wanachuoni wetu walifundisha kwamba ndiyo huanza.

7. Hoja za upande wa pili

Insafu inataka tuwasikilize wanaotetea kodi hizi, na wapo wachumi wenye nia njema kati yao.

Hoja ya kwanza: tajiri naye anakula mkate, kwa hiyo ukiuachia mkate unamsaidia hata asiyehitaji; afadhali utoze wote, kisha uwarudishie masikini fedha mkononi. Hoja hii ina uzito pale ambapo kurudisha kunafanyika kweli. Lakini mkaanga mandazi wa Busia anaweza asiwe kwenye orodha yoyote ya kurudishiwa. Kodi anailipa leo dukani, na marejesho ni ahadi. Katika fiqhi tuna kanuni kwamba yakini haiondolewi kwa shaka.

Hoja ya pili: deni ni lazima lilipwe. Ni kweli, na Uislamu umelikazia deni kuliko wengi wanavyodhani. Lakini kila mtu anajua kwamba anayetakiwa kulipa kwanza ni mwenye uwezo, tena yule aliyenufaika na mkopo.

Hoja ya tatu: wafanyabiashara hula wenyewe faida ya msamaha, bei haishuki. Hili hutokea, na dawa yake ni usimamizi wa soko, ile kazi ya hisba ambayo Umar (R.A.) alimpa ash-Shifaa binti Abdillah sehemu yake katika soko la Madina.

Papo hapo tujifunze tofauti moja ambayo huwachanganya watu. Bidhaa ya asilimia sifuri si sawa na bidhaa iliyosamehewa. Ya asilimia sifuri, mwoka mikate anarudishiwa VAT aliyolipa kwenye vifaa na umeme wake. Iliyosamehewa, harudishiwi, kwa hiyo anaiingiza kwenye bei. Mswada unaweza kuhamisha kitu kutoka orodha ya kwanza kwenda ya pili, ukaitwa "msamaha", na bei ikapanda. Asiyesoma mswada atapiga makofi.

8. Sisi wanafunzi tufanye nini?

Kwanza, tusome. Nchini kwetu Uganda bajeti husomwa kila Juni, na kabla yake miswada ya kodi hupita kwenye kamati ya Bunge ambako wananchi na vyama wanaweza kupeleka maoni. Tuliona mwaka 2018 kodi ya miamala ya simu ilivyoanza kwa asilimia 1, watu wakalalamika, ikashushwa mpaka asilimia 0.5 kwenye kutoa pesa. Na Kenya mwezi wa Disemba 2024 sheria nyingine za kodi zilipitishwa zikiwa na baadhi ya mambo ya ule mswada. Mjadala huu hauishi kwa siku moja, na jumuiya yetu ina wanafunzi wa sheria, uchumi na Sharia. Kwa nini tusiandike maoni yetu pamoja?

Pili, tuseme haki kwa adabu ya dini. Utii ni katika wema, na kumnasihi mtawala ni sehemu ya dini kwa mujibu wa Hadith maarufu ya Tamim ad-Dari. Kwa hiyo yule ndugu aliyetaka tufunge midomo naye alikosea nusu, kama mimi. Lakini anayeingia mtaani kudai haki kisha akavunja duka la mtu amekula mali kwa batili, jambo lile lile alilokwenda kulikataza. Na anayempiga risasi asiye na silaha atasimama mbele ya Allah na damu hiyo.

Tatu, nairudisha kauli yangu ya usiku ule. Kughushi risiti na kusema uongo si njia ya kupambana na kodi ya dhuluma. Uongo unabaki uongo.

Nne, tuanze na mikanda yetu. Suratul-Hashr, aya ya 7, inatufundisha kwamba mali isiwe inazunguka kwa matajiri peke yao. Katika kila bweni kuna ndugu anayefunga Jumatatu na Alhamisi kwa Sunna, na kuna anayefunga siku nyingine kwa sababu hana pesa ya kantini. Mfuko wa sadaka wa jumuiya ungeweza kuwajua hawa wa pili kwa siri, bila kuwaaibisha.

Mwenzangu wa Busia yuko mwaka wa tatu sasa, alhamdulillah. Kodi ya mafuta iliondolewa kwenye mswada kabla haijafika kwenye karai la mama yake. Lakini lile daftari analo bado, na ile hesabu haijafutwa.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Taja masharti manne ya kodi inayokubalika. Lipi kati yake huvunjwa zaidi katika nchi yako, na dalili yako ni ipi?

2. Kwa nini Umar (R.A.) alitofautisha ngano na mafuta na dengu? Ni bidhaa gani leo zinastahili kutazamwa kwa jicho hilo: sabuni, mafuta ya taa, taulo za kike, sukari?

3. Ikiwa kodi haina nisabu, serikali inaweza kufanya nini ili masikini asibebe kuliko uwezo wake?

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe riziki ya halali, atupe viongozi wanaotuhurumia, na atujaalie sisi tuwe na huruma siku tutakapopewa madaraka. Wallahu a'lam.